Mlango wa Anaeli

Rafiki yangu Aminieli alinisimulia haya wiki niliyomzika mke wangu, mwaka 1957, mafua makali yalipoingia Meru. Wazee wa kanisa walikataza watu kuingia nyumba za wagonjwa. Kila aliye hai ndani agonge mlango mara moja, ahesabiwe.

Adhuhuri, ukungu ukiwa umetia giza migombani, Aminieli alimpelekea dada yake Anaeli uji wa ndizi.

“Weka chini, kaka, usijifanye daktari,” Anaeli alisema kutoka ndani. “Mwanangu mdogo Elisaria amefariki alfajiri. Tumebaki mimi na dada yake Maria.”

Mlango ukagongwa mara tatu.

“Mbona mara tatu?”

“Mara mbili, kaka. Ya tatu tumedhani ni wewe.”

Aminieli anasema ile ya tatu ilitokea nje, alikosimama yeye, usawa wa goti lake.