Harufu ya Kazini

Kinoti alinuka pombe, na Générose alikuwa ameapa kwamba hataolewa na mlevi. Hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Walikutana Jumamosi kwenye soko la kanisa huko Scarborough, ughaibuni, watu wamebanana kati ya meza. Générose, Mkongo wa Bukavu, alivaa kitenge cha manjano na kuuza mafuta ya nywele. Kinoti, Mmeru wa mabega mapana, alinusa chupa moja akamwambia mafuta hayo yametolewa kwenye mbegu kwa petroli, kazini kwao, kwenye karakana ya mafuta, wanatoa safi zaidi. Générose akamwambia anunue au apishe wateja. Akanunua chupa tatu, naye hana nywele.

Kwa miezi miwili walipigiana simu kila jioni. Générose alikuwa "mpenzi", Kinoti "kipara wangu".

Siku ya Pasaka Kinoti alitoka zamu akaenda moja kwa moja kula kwa mama yake Générose, suti nyeusi, viatu vinang'aa. Mama alimpa mkono, akanusa, akarudi jikoni. Générose akamvuta Kinoti mlangoni.

"Unakunywaka?"

"Sinywi, mpenzi. Ni harufu ya kazini."

Heri angesema jambo lingine lolote. Baba yake Générose alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia, na kwa miaka kumi na moja alirudi nyumbani akiyumba huku akisema maneno hayohayo.

"Basi rudi kazini," Générose akasema, akafunga mlango. Hakupokea simu tena.

Siku ya kumi na tisa, akijua Kinoti hana zamu, alipanda basi hadi Downsview, kwenye karakana anakofanya kazi Kinoti, akaone mwenyewe. Shamshad, mama mwenye karakana, alimfungulia. Ndani kulikuwa na magunia ya mbegu za pasheni kutoka kiwanda cha juisi, na mapipa yanayotoa harufu kali. Shamshad akaeleza kwamba zamani walitumia petroli, ikawaumiza vichwa. Kinoti ndiye aliyeng'ang'ania spiriti ya mahindi. Wanaloweka mbegu zilizosagwa, spiriti inabeba mafuta, kisha wanaivukiza na kuikusanya itumike tena. Inanuka kama pombe, lakini haimwagwi mtoni.

Basi la kurudi lilijaa. Mwanamke aliyekaa karibu alimnusa Générose, akahama kiti. Générose akanusa koti lake mwenyewe. Akapiga simu.

"Kinoti, niko ndani ya basi na watu wananikimbia. Nanuka kama baba."

"Shuka hapohapo."

"Hapa sipajui."

"Soma kibao, mpenzi, unisomee. Halafu usiende popote."

Kinoti alimkuta kituoni, akapiga goti kwenye matope ya theluji. Générose akasema ataolewa naye, ila ainuke, watu wanatazama.

Kosa lile la kumdhania mlevi liligharimu siku kumi na tisa za kimya, Jumapili mbili ambazo Kinoti alikaa kiti cha nyuma kabisa kanisani, lita nne za spiriti alizomwaga kwa mawazo, na suruali moja mpya.