Hodi Kutoka Jikoni

Hodi ya kwanza ilitoka jikoni, mchana. Mke wa dereva alikuwa akikunja nguo za mtoto, akajibu bila kugeuka, "Karibu." Kisha akakumbuka kuwa jiko halina mlango wa nje. Wanakaa ghorofa ya tatu.

Baada ya hapo ikaja harufu ya moshi wa mkaa, na wao wanapikia gesi.

Nyumba ile dereva alipewa na kampuni. Kabla ya ghorofa palikuwa na mtaa wa mabati, na ni yeye aliyeubomoa kwa tingatinga.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," dereva alimtania mkewe.

"Mpe wewe. Jana alimbembeleza mtoto, na mtoto akanyamaza."

Wakamwita mganga, mama mmoja wa maneno machache. Alinusa ukuta wa jikoni, akaketi sakafuni.

"Ni jini," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa na chumba chake hapa. Watu wa mtaa wakipita walimpigia hodi, naye hakuwagusa. Wao walipakiwa kwenye malori. Yeye nani alimwambia?"

"Mama, tingatinga halipigi hodi."

"Najua. Lakini alikusemesha? Kama alikuomba kitu ukamnyima, kitaje, nimwombe radhi kwa hicho. Bila hicho sina pa kushika."

Dereva alikumbuka chumba cha mwisho, kufuli likiwa limefungwa kwa nje, na sauti ya mwanamke ndani ikisema, "Subiri kidogo, namtoa mtoto." Hakusubiri. Sasa mkewe alikuwa akimtazama, mtoto begani.

"Hakunisemesha mtu," akasema.

Mganga akainuka. "Basi hameni. Leo hii."

Dereva akamwacha mkewe akifunga vitu, na jioni alirudi na gari la mizigo. Ufunguo ukakataa kuzunguka. Akapiga hodi.

"Nani?" ikauliza sauti asiyoijua.

"Mwenye nyumba."

Ndani wakacheka, wengi, kama mtaa mzima, na moshi wa mkaa ukapenya chini ya mlango ukamzunguka miguu, naye akaupiga mlango kwa ngumi na kwa bega akimwita mkewe, mpaka kicheko kikakatika na mkewe akaitika kutoka mbali, mbali kuliko nyumba ile ya vyumba viwili ilivyoweza kuwa.

"Subiri kidogo, baba. Namtoa mtoto."

Nyuma ya sauti yake injini ya tingatinga ikawaka. Dereva aliijua. Alikuwa ameiendesha miaka minane.