Kipimo cha Pete ya Ludovick Mbise

Asubuhi ile dukani walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Saadi bin Athumani, sonara wa Arusha mjini, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Wa pili ni Rukaiya, mpwa wake, aliyekuwa akifunga mizigo ya kuhamia Tanga kwa mumewe. Wa tatu ni Ludovick Mbise, mkulima wa kahawa kutoka Maji ya Chai, aliyefiwa na mke. Hakuwapo mwingine.

Ludovick alileta pete mbili za dhahabu: yake iliyopasuka, na ya marehemu mkewe. Alitaka ziyeyushwe ziwe moja, aivae yeye.

"Nataka nizikwe nayo," alisema.

"Ukizikwa nayo, wajukuu zako wataifukua."

Ludovick alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Walikaa hadi adhuhuri, wakisimuliana jinsi wake zao walivyokuwa wakiwagombeza. Saadi hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alicheka namna ile.

Ijumaa Rukaiya akaondoka. Nyumba ikabaki na mlio wa saa ya ukutani.

Dhahabu ikimiminwa katika kalibu ya plasta hunywea inapopoa. Kwa hiyo sonara huchonga kwanza pete ya nta ya kuundia kalibu hiyo, tena kubwa kidogo kuliko kidole, ili ikinywea imkae mwenyewe. Saadi aliijua hesabu hiyo kwa miaka hamsini. Safari hii hakuongeza kitu. Aliichonga nta sawasawa na kidole cha Ludovick, kwa makusudi, ili pete ibane na mtu yule arudi.

Pete ikabana. Ludovick akarudi.

"Umezeeka, fundi!"

"Kidole chako ndicho kimenenepa, Bwana Ludovick. Kaa, kahawa iko jikoni."

Walikaa hadi alasiri.

Mara ya pili Saadi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Aliongeza nafasi ya kunywea, na nyingine juu yake. Alipoivunja plasta alikuta pete ya kidole cha msichana. Akaiweka kwenye mizani. Uzito ulikuwa uleule. Akaupima unene. Uleule.

Ludovick alipokuja, kola ya shati ilimpwaya shingoni.

"Umepungua," Saadi alinong'ona.

"Hospitali wamenipima. Hawakuona kitu."

"Nikurudishie dhahabu yako kama ilivyo."

"Hapana, mzee. Ile ya mke wangu imo humo. Jaribu tena."

Saadi alitaka kumweleza alichokifanya mara ya kwanza. Akachukua birika. Akammiminia kahawa.

Mara ya tatu alichonga nta pana kuliko dole gumba. Alisoma dua zote alizozijua. Akamimina. Akangoja. Akavunja plasta.

Pete ya mtoto mchanga.

Haikupita hata kwenye ncha ya kidole chake cha mwisho. Aliitia kwenye droo haraka, aiyeyushe kabla mtu hajaiona. Lakini mlango ulikwisha kufunguliwa.

Ludovick aliingia na mvua. Mikono ya koti ilifunika vidole vyake. Alipanda kwenye kiti alichozoea kukalia. Miguu yake haikugusa sakafu.

"Iko wapi?"

"Haijakamilika."

"Iko kwenye droo."

Saadi hakusogea. Ludovick aliteremka, akavuta droo mwenyewe. Akaitoa pete. Akaivaa. Iliingia taratibu, bila kubana.

"Sasa imenikaa," alisema.

"Ivue."

"Imenikaa vizuri, fundi."

"Ludovick, ivue. Nakuomba."

Ludovick alimtazama kwa huruma, kama anayemwacha mgonjwa wodini peke yake.

"Kwa heri, mzee. Sitakusumbua tena."

Saadi alibaki amesimama mpaka mvua ilipokatika. Ndipo alipotazama chini. Nyayo za matope zilizoingia zilikuwa za viatu vya mtu mzima. Zilizotoka zilikuwa na mistari ileile ya soli. Ila kila moja ilienea katika kiganja chake.

Alipiga deki mara tatu. Zilizoingia zilifutika. Zilizotoka zilibaki.

Jumatano, saa nne asubuhi, Anjela, binti wa Ludovick, alipiga simu. Ludovick Mbise alikuwa amefariki dunia usiku wa kuamkia siku hiyo, nyumbani kwake, Maji ya Chai.