Bwana Aliyenikuta Katika Eda

Wamenivunjia eda yangu, jamani! Wameniingizia mwanaume nyumbani mchana kweupe, na mama mukwe mwenyewe ndiye aliyemushika mukono!

Kabla hamujaandika hapo chini kwamba Djamila amerukwa na akili, someni mpaka mwisho. Akili yangu iko sawa. Ni nyumba hii iliyoharibika.

Bwana yangu Faradji alikuwa anachimba zahabu Lusangi. Shimo likaanguka. Mutu wa moto, hizi pikipiki za abiria, akatuletea habari hapa Kasongo kwamba wote wamebaki chini, hakuna aliyetolewa. Shehe akatuswalisha sala ya maiti asiyekuwepo, matanga yakakaliwa, na miye nikavaa nyeupe nikaketi ndani. Mwanamke wa eda hajionyeshi kwa wanaume wa nje, hiyo munaijua.

Nilimulilia mpaka sauti ikakauka. Nilimulilia vizuri, asiniambie mutu.

Halafu... hodi.

Mwanaume amekonda, vumbi la njia ya Kabambare limemujaa mpaka kwenye kope. Mama Asma, mama mukwe wangu, akamuangukia miguuni akimuita mwanangu. Majirani wakapiga vigelegele. Akasema wachimbaji wa shimo la jirani ndio walimutoa, akalala mugonjwa kule Kabambare, hana simu, hana nguvu ya kupanda moto.

Sura ilikuwa ya Faradji. Siwadanganyi. Sauti pia.

Lakini miye nilikuwa nimekwisha kumulilia. Mutu ukimulilia vile, harudi.

Akasimama kwenye mulango wa chumba changu.

"Djamila, ni miye. Nipe maji."

"Toka. Niko katika eda."

Akanyoosha mukono. Akanionyesha kovu la mafuta niliyomumwagia nikikaanga mandazi, mwaka ule tuliooana. Nikacheka. Kitu kilichoweza kuiba sura nzima kitashindwa kuiba kovu?

Shehe akaitwa, akasema bwana akirudi hai hakuna eda. Mama Asma akaniletea kombe, maji ya aya za Qurani, ninywe nipone. Nikalimwaga. Wote walimuona Faradji, miye peke yangu nilimuona mugeni. Mungekuwa miye, mungefanya nini?

Nikajifungia. Yeye akalala barazani, namusikia akikohoa. Kila asubuhi anagonga taratibu, anaomba maji ya kunywa. Siku moja nilikuwa na kikombe mukononi. Nikakimwaga pale chini ya mulango, ayaone maji yakipita.

Mwisho akachoka. Nilimusikia akimuambia mama yake kwamba anarudi Lusangi, eda yangu ikiisha atakuja kuniposa upya kama mugeni, labda nitamukubali. Mama Asma alilia sana. Miye nilimushukuru Mungu.

Eda ikaisha. Nikaoga, nikavaa kitenge cha rangi, nikafungua mulango.

Siku hiyohiyo wakamuleta.

Shimo lilikuwa limeanguka tena, na safari hii maiti ilipatikana. Wakaniita nimuoshe, maana ni haki ya bibi yake. Nikafunua mukono. Kovu lilikuwa pale pale. Nikamutazama uso... Huyu alikuwa Faradji wangu kabisa, nilimujua mara moja.

"Muliona?" nikawaambia. "Nilisema amekufa."

Mama Asma akanitandikia nguo nyeupe. Nikakataa, maana eda ya bwana huyu nimekwisha kuikaa, na machozi yake yamekwisha.

Basi funzo langu kwenu, dada zangu: mutu ambaye hamujaona maiti yake, musimulilie mpaka mumumalize. Bakizeni chozi. Pengine yuko njiani anarudi.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua, munisaidie. Kama yule niliyemuosha ndiye Faradji, aliyekuwa ananiomba maji kila asubuhi alikuwa nani?

Nawauliza ninyi kwa sababu humu nyumbani hakuna anayesema na miye. Nimejaza kikombe, nimekaa hapa nyuma ya mulango tangu asubuhi.

Hagongi.