Dada Yake Tabita

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi hii ni chungu kidogo, kama majani ya mwarobaini. Lakini tutaimaliza pamoja.

Zamani sana, katika nchi ya Wanubi, kando ya mto Naili, aliishi msichana mdogo. Jina lake Tabita.

Tabita hakuwa na mama. Hakuwa na baba. Alikuwa na dada yake, Marianta.

Marianta alimpikia uji wa mtama. Marianta alimsuka nywele. Siku za baridi walijifunika shuka moja.

"Toa hiyo miguu! Baridi kama chura!" Marianta alisema. Tabita alicheka, kwi kwi kwi!

Siku moja akaja mtawala mpya. Akachongesha sanamu kubwa ya mawe. Pua ya sanamu ilikuwa kama pua yake.

"Pigeni magoti!" akasema. "Mimi ndiye Mungu wenu."

Watu wakapiga magoti. Pu! Pu! Pu! Marianta alibaki amesimama.

"Wewe msichana, mbona hupigi magoti?"

"Mungu wangu yuko mbinguni," Marianta akasema. "Wewe ni mtu tu. Jana nilikusikia ukipiga chafya."

Watu wakaziba midomo wasicheke. Mtawala hakucheka.

Asubuhi askari wakaja. Tabita akamng'ang'ania dada yake kiunoni. Akapiga kelele, "Majirani! Tusaidieni!"

Milango ya majirani ikafungwa. Pa! Pa! Pa!

Marianta akachuchumaa. "Mdogo wangu, ningesema uongo, ningebaki nawe. Nimejaribu. Mdomo umekataa."

"Utarudi lini?" Tabita akauliza.

Marianta akambusu kwenye paji la uso. Askari wakamchukua.

Walimuua siku ile ile.

Tabita alilia siku nyingi. Alikasirika pia. Alimkasirikia mtawala. Alimkasirikia hata dada.

Kisha mfalme mkuu akasikia habari. Akamfukuza yule mtawala. Sanamu ikaanguka, bwaa!

Sasa watu hawakuogopa tena. Wakaanza kusema, "Marianta alikufa kwa ajili ya imani. Marianta ni mtakatifu!"

Wakaja nyumbani kwa Tabita. Ngo! Ngo! Ngo!

Bibi mmoja akachukua kitana cha Marianta. "Kitaniponya kichwa," akasema.

Mzee mmoja akachukua kigoda cha Marianta. "Kitaibariki nyumba yangu," akasema.

Tabita akasema, "Kwenu ni mtakatifu. Kwangu ni dada."

Hakuna aliyemsikia.

Kanisani, mchoraji alikuwa anamchora Marianta ukutani. Akampa macho makubwa. Akampa taji la dhahabu. Akamfunga mdomo, kimya.

"Siyo yeye," Tabita akasema. "Dada ana pengo hapa mbele. Dada anacheka."

"Watakatifu hawacheki, mtoto," mchoraji akasema.

"Kwenu ni mtakatifu. Kwangu ni dada."

Mchoraji akaendelea kupaka rangi. Swa, swa, swa.

Ikafika sikukuu ya Marianta. Watu wakawasha mishumaa. Wakaimba. Wakaja tena mlangoni, kasisi akiwa mbele.

"Tabita," kasisi akasema, "tunaomba lile shuka la dada yako. Tutaliweka kanisani, watu waliguse."

Tabita akalikumbatia shuka. "Sitaki!"

"Usiwe mchoyo, mtoto," mama mmoja akasema. "Marianta ni wetu sote."

Tabita akasimama katikati ya mlango. Sauti yake haikutetemeka.

"Askari walipokuja, nilipiga kelele. Mlikuwa wapi?"

Watu wakatazama chini.

"Mlifunga milango. Pa! Pa! Pa! Mimi nilisikia. Na dada alisikia."

Mtoto mchanga akalia, akanyamazishwa.

"Kwenu ni mtakatifu," Tabita akasema. "Kwangu ni dada."

Mara hii kila mtu alimsikia. Kasisi akainamisha kichwa. Watu wakaondoka, mmoja mmoja.

Alibaki mmoja tu. Alikuwa Mama Kosma, jirani wa karibu. Hakuomba kitu. Alikaa chini, vumbini.

"Mlango wa kwanza kufungwa ulikuwa wangu," akasema. "Nilisimama nyuma yake. Nilikusikia ukiita."

"Mbona hukufungua?"

"Niliogopa, mwanangu."

Tabita hakusema, "Nimekusamehe." Moyo wake ulikuwa bado mchungu. Lakini tumbo lilikuwa tupu. Likanguruma, gruu!

Mama Kosma akaenda kwake. Akarudi na bamia na mkate. Wakala pamoja.

Kisha Mama Kosma akauliza, "Alikuwaje?"

"Nani? Mtakatifu?"

"Hapana. Dada yako."

Tabita akamtazama. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Alikuwa anakoroma," Tabita akasema.

"Marianta? Anakoroma?"

"Sana! Krrr-fyuu! Krrr-fyuu! Mbuzi walikuwa wanaamka!"

Mama Kosma akacheka hadi akashika mbavu. Tabita naye akacheka kidogo. Halafu akalia. Halafu akasimulia mengine, na mengine tena.

Jua la mchana likawa kali. Maneno ya Tabita yakawa mazito. Yakawa machache. Yakaisha.

Akalala, kichwa juu ya paja la Mama Kosma.

Mama Kosma akamfukuzia nzi, polepole. Fuu, fuu, fuu. Mguu wake ukafa ganzi.

Hakuuondoa.