Ng'ombe Sita wa Mahari ya Kétsia

Siku ya soko Ngungu haina adabu. Mafahali husukumana, wauza viazi hupiga kelele, na matope huruka mpaka kifuani. Katikati ya vurugu hiyo Lévi, mtaalamu wa ng'ombe wa nyama, mzaliwa wa Mpofi kule Walikale, alikuwa amemzungushia fahali utepe kifuani ili ajue uzito wake. Nyuma yake mtu akacheka.

"Kaka, unapima ngombe juu ya kumushonea suruali?"

Akageuka. Alikuwa msichana wa kitenge cha manjano, kilemba cha rangi hiyo hiyo, na beseni la jibini kichwani. Hakuwa na tone la tope, au ndivyo Lévi alivyoona. Mapenzi yana macho yake.

"Napima nyama, dada. Huyu iko na kilo mia tatu."

"Na mimi?"

"Weye apana. Mukono itatetemeka, nitakosea."

Jina lake Kétsia, binti wa Papa Zéphyrin, mfugaji mwenye ng'ombe thelathini kwenye kilima cha juu ya soko. Alimwonjesha jibini, akampa na namba ya simu. Miezi minne simu zao hazikupoa. "Bonjour, fundi wangu wa suruali." "Bonjour, fromage yangu, jibini yangu." Upuuzi mtupu, lakini nani amewahi kupenda akabaki na akili zake zote?

Kikwazo kilikuwa kimoja. Kwao Lévi ni msituni, hawafugi ng'ombe, na Papa Zéphyrin alikuwa akitangaza mbele za watu kwamba asiye na zizi hapewi binti yake. Basi wakajificha, wakasahau kwamba mficha uchi hazai.

Asubuhi moja Kétsia akapiga simu akilia.

"Lévi, Stéphane analeta dot leo, mahari yangu. Ule mucuruzi, mufanyabiashara wa Rubaya. Ngombe sita! Na baba anakuita weye uziangalie mbele ya kuingia mu lupango, mu zizi yetu."

"Mimi?"

"Iko vétérinaire mwengine wa ngombe hapa? Sema ziko na ugonjwa. Nakuomba, chéri."

"Kétsia, mimi sina kitu ingine, niko na neno yangu tu. Nikidanganya leo, kesho nani atanisikia?"

"Basi unapenda ngombe kuliko mimi!"

Akakata.

Lévi alipanda kilima polepole. Ng'ombe sita walikuwa nje ya lango, na wageni wamesimama kando na suti zao, Stéphane mbele na viatu vinavyong'aa. Lévi akafungua mdomo wa ng'ombe wa kwanza. Udenda, na malengelenge juu ya ulimi. Akamwinua ng'ombe wa pili mguu: ngozi kati ya kwato imechubuka. Lo! Ugonjwa ule ule aliokataa kuuzua.

"Papa, hizi zisiingie. Ni ugonjwa ya miguu na midomo. Zikichanganyika na zako, zote makumi tatu zitapata."

Stéphane akacheka. "Papa Zéphyrin, muulize huyu, nani anapigiaka binti yako simu kila asubui? Ngungu yote inajua, weye tu njo haujui."

Uso wa mzee ukabadilika. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Papa. Na ugonjwa pia ni kweli. Kuja uone."

"Ngombe ikitembea mbali inatokaka mate! Nilichunga ngombe mbele ya weye kuzaliwa. Toka hapa!" Akashika mti wa lango auvute.

Lévi alikuwa amenaswa. Ukweli wake ulifanana na uongo wa mtu mwenye wivu, na kadiri alivyoapa ndivyo ulivyozidi kufanana.

Ndipo Kétsia akatoka nyumbani, amevaa kitenge kipya cha kupokelea wageni. Hakumtazama mtu. Alimfungua mdomo yule ng'ombe wa kwanza, akaangalia, akakunja uso. Kisha akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nitaolewa na Stéphane. Naapa mbele ya bageni hawa. Siku ile ngombe hizi zitapona, nitaenda kwake. Lakini leo zisiingie, ugonjwa nimeiona na macho yangu. Sasa useme, tunadanganya bado juu ya mapenzi?"

Mkono wa mzee ukaachia mti. Ng'ombe wakapelekwa kwenye lupango la peke yao bondeni, na hapo likabaki swali la nani atawatibu. Jibu lilikuwa moja tu.

"Utaziponyesha weye," mzee akasema, sauti imeshuka.

Lévi akashuka bondeni na ndoo ya maji ya chumvi, akijua kwamba kila kidonda atakachokiponya kinaisogeza karibu harusi ya Kétsia na Stéphane. Simu ikalia.

"Unisamehe. Nilisema unapenda ngombe kuliko mimi."

"Nakupenda weye, Kétsia."

"Najua. Zitapona siku ngapi?"

"Wiki mbili, tatu. Nikifanya kazi muzuri."

"Na ukifanya mubaya?"

"Ugonjwa itavuka, ifike ku ngombe za baba yako."

"Basi fanya muzuri, mupenzi wangu. Fanya muzuri, lakini usikate hii simu."

Lévi akaibana simu kati ya sikio na bega, akafungua mdomo wa ng'ombe wa kwanza, akaanza kuosha.