Ulimi wa Msemaji

Jua lilikuwa linazama Madamu, msemaji wa kampuni, aliponituma nikamletee beseni la maji ya vuguvugu. Hilo tu. Nilikuwa mwanafunzi, wiki yangu ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo katika kitengo cha uhusiano wa umma cha kiwanda cha sabuni, na mpaka hapo kazi yangu ilikuwa kupanga viti, kutundika bango na kutabasamu hadi mashavu yaume. Chuoni tulifundishwa kwamba msemaji mzuri huanza kwa kuwasikiliza watu. Nilipomwambia Madamu, alicheka.

"Watu hawataki kusikilizwa, mwanangu. Wanataka kutulizwa."

Jioni ile walikuwepo wa kutulizwa. Boila la kiwanda lilikuwa limepasuka na kumuua fundi kijana. Kampuni ilimzika haraka haraka, jeneza limepigwa misumari, ndugu wakaambiwa mwili umeharibika, wasilifungue. Sasa ukoo mzima ulijaa ukumbini, waandishi wa habari nyuma yao, na mama wa marehemu mbele kabisa, akilia neno moja tu: "Nionyesheni mwanangu! Niacheni nimwone!"

Nikaenda na beseni. Mlango wa chumba cha Madamu ulikuwa wazi kidogo, na kabla sijabisha harufu ikanipiga... Manukato ya sabuni zetu. Na chini yake, nyama iliyolala.

Madamu alisimama mbele ya kioo. Alifungua kikopo cha krimu ya uso, akaingiza vidole viwili, akavuta kitu kinene cha zambarau, chenye utelezi.

Ulimi.

Akaulaza juu ya wake. Akafumba mdomo. Koo likapanda, likashuka. Ute mweusi ukamchuruzika pembeni ya mdomo, naye akaupangusa kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyemaliza supu.

Akaniona kiooni. Hata hakushtuka. Alinionyesha kwa kidole tu: weka hapo.

Ukumbini alishika kipaza sauti, akamtazama yule mama.

"Binti yangu," alisema. "Usilie. Sikuumia. Nenda nyumbani ukapumzike."

Sauti ilikuwa yake, lakini ndani yake ilikwaruza nyingine, ya kiume. Kilio kikakatika katikati. Waandishi wakashusha kalamu zao. Watu waliokuja wamefura wakaanza kuinuka mmoja mmoja, macho yao yamelegea, wakisukuma viti kwa adabu.

Tuliporudi chumbani aliutema ndani ya beseni.

"Uoshe. Polepole, usiukwaruze." Akatoka kwenda kuwaaga waandishi.

Nilizamisha mikono. Ulimi ulikuwa wa moto. Nikaugusa... ukajigeuza.

Ukanilamba kiganja.

Nilitapika kwenye kapu la taka mpaka nikatoa nyongo. Nilipoinua kichwa, mapovu yalikuwa yakipanda majini, na kila povu likipasuka lilitoa sauti ndogo.

"Mama... mama..."

Niliuzoa kwa taulo, nikakimbia nao kupitia mlango wa nyuma. Yule mama alikuwa bado getini, ameshikwa mkono na mdogo wake.

"Yule mwanamke kajuaje?" alikuwa akimuuliza. "Kuniita binti yake ulikuwa utani wetu, mimi na mwanangu, tukiwa jikoni tu."

Nikampa taulo.

Alilifunua. Nilitegemea apige ukunga. Hakupiga. Aliliinua hadi sikioni, kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mchanga. Mimi nilisikia mnong'ono tu, na mlio wa kulamba.

"Anasema nini, dada?" mdogo wake alinong'ona.

Mama alilikunja taulo, akalikumbatia.

"Anasema hakuwa peke yake mle kabatini. Vikopo viko vingi." Kisha akanigeukia. "Nenda kwenu, mwanangu. Usirudi."

Sikurudi. Ndugu ndio waliorudi kulipokucha, wakavunja mlango wa chumba cha Madamu. Walikuta chumba kimepigwa deki, kinanukia waridi, kabati tupu. Kaburi lilifukuliwa, kijana akazikwa upya pamoja na ulimi wake; wazee wao hawakutaka kuniambia walichokiona kwenye jeneza. Madamu hakuna aliyejua alikokwenda.

Mimi niliacha mafunzo yale, nikahama hata somo. Mpaka leo chakula kikiwa laini mno mdomoni nakitema.

Juzi nilikuwa sebuleni na mama yangu, tunaangalia taarifa ya habari. Basi la kampuni fulani lilikuwa limepinduka na watu. Akatokea msemaji wao, mwanamke nisiyemjua, aliyejitanda vizuri, akaanza kuwapa pole wafiwa.

Pembeni ya mdomo wake kulikuwa na ute mweusi unaong'aa.

"Zima, mama," nilisema. "Mama, zima!"

Hakunisikia. Alikuwa ameinama mbele, macho yamelegea, anatabasamu.

"Huyu anaongea vizuri," alisema, akaongeza sauti. "Mpaka moyo unapoa."